Flashi yenye Nyimbo za Kwaya

Ngungu, Jumanne

Ningali na hasira. Asubuhi niliweka programu mupya mu ruta ya internet ya santre ya afya, na internet ikakufa. Sikuogopa: programu ya zamani iko mu flashi yangu, nitairudisha. Nafungua flashi, nakuta nyimbo za kwaya tu!

Papa Bosco, infirmie mwenye anatunza wagonjwa wetu, niliyemuazimisha flashi juzi siku ya Mungu aweke nyimbo zake, eti: «Kaka, nilifuta vile vitu vyenye vilikataa kufunguka.»

Vilikataa! Kumbe njo ile programu ya zamani, dawa ya ruta!

Kopi ingine iko Goma, na barabara ni matope. Mama mwenye mimba akishikwa na uchungu, tutaitia ambilansi na nini? Huku hakuna rezo ingine, hata ya simu.

Nilimugombeza mbele ya wagonjwa wote. Lakini mimi sikufungua flashi kuhakikisha programu iko, kabla ya kuanza kazi.

Hiyo sikumuambia.