Dawa Niliyomnywesha Mama

Daegu,
Januari 16, 2015

Mpendwa mdogo wangu Yeonju,

Habari za huko Hamburg? Shemeji hajambo? Na mafua ya Mina yameisha? Mimi ni mzima wa mwili tu. Baba hajambo. Mama ni mgonjwa, na sitakuficha: hatapona.

Unaikumbuka ile dawa ya mitishamba tunayoipima maabarani kwetu, ya kupunguza mafuta mwilini? Panya walioinywa walikonda hadi tukapigiana makofi. Nami kwa kiherehere changu nikaichemsha nyumbani, nikaitia kwenye vipakiti kama wanavyofanya waganga wa sokoni, nikawapelekea wazee bila hata kuwauliza. Kila mmoja kipakiti asubuhi na jioni, miaka miwili.

Kitambi cha Baba kikayeyuka. Akawa anapita kwa majirani akivuta mkanda wa suruali: "Nitazameni nyie! Nimerudi ujanani!" Mama alizidi kuchoka tu, nami nikamkemea kwamba anaruka siku. Wallahi hakuruka hata moja.

Mwezi wa kumi na moja, tukitengeneza kimchi, ile achari ya kabichi ya msimu wa baridi, alikaa chini katikati ya makabichi akashindwa kuinuka. Macho yalikuwa ya manjano. Daktari anasema ini lilijaa mafuta, sasa limesinyaa, na kwa hali yake hawawezi kumpandikizia jingine. Labda aufikie mwaka mpya wetu mwezi ujao. Kuupita, hapana.

Yeonju, wale panya wote walikuwa madume! Miaka sita hatukupima jike hata mmoja. Niliwahi kumuuliza Profesa, mkuu wa maabara yetu, akacheka: "Majike wana siku zao bwana, watatuvurugia matokeo. Tutawapima baadaye." Nikaitikia, mimi mwanamke mzima. Baada ya Mama kuanguka ndipo nikang'ang'ania wapimwe. Madume mafuta yaliwatoka mwilini. Majike yaliwahamia kwenye ini. Nililishika ini la mmoja, limepauka kama siagi, nikajua nimemfanya nini Mama.

Usiniambie sikujua. Baba ananiambia hivyo kila siku na hainisaidii kitu.

Njoo, mdogo wangu. Usingoje likizo ya Mina. Ukichelewa utamkuta hakutambui.

Jana nilimweleza Mama yote. Nililia hadi maneno yakanikatika. Akanishika mkono, hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniua.

"Nyamaza, mwanangu. Hao panya majike mkawafanyaje?"

"Tuliwaua, Mama. Ili tuone maini yao."

Akageukia ukutani.

"Maskini," akasema. "Na wao hawakuulizwa."

Msalimie shemeji, na umbusu Mina kwa niaba ya bibi yake. Mbingu zikulinde njiani, zikufikishe Mama angali anapumua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama utanichukia,
Sukhyeon