Hati za Kupokelewa kwa Mkono

Dada yangu, shikamoo.

Chumba kizuri, na suti uliyonipigia pasi ilinikaa vyema hadi juzi. Mlisema nimeula kupata kazi hii ya uwakili; kumbe nimelishwa karatasi. Huku wakili mchanga ndiye hupeleka hati za kesi, na lazima mshtakiwa azipokee kwa mkono wake. Mkandarasi mmoja alinikaba koo mlangoni kwake, akanibamiza ukutani, akazinyakua hati na kunishindilia mdomoni mpaka meno mawili yakang'oka. Nilirudi ofisini nikitema damu.

Bosi akauliza, "Kwa hiyo alizishika mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipigia makofi.

Mwambie mama picha ya tabasamu aliyoiomba itachelewa. Usimwambie kwamba Jumatatu nampelekea yule bwana hati ya pili, na nimeshanunua nyundo.

Wako,
Kitindamimba