Redio ya Mama Zubeda

Kyebando, Jumapili

Mjukuu wangu Amina,

Sote tunakusalimu. Magoti ya bibi yako yametulia, na shangazi yako amehamia Makindye.

Umeuliza kama, katika utafiti wako, nyumba iliyoandikwa kuwa na redio kwenye sensa za zamani uiondoe kati ya maskini. Nilipokuwa karani wa sensa hapa, mjane mmoja, Mama Zubeda, alinikaribisha huku redio ikiimba. Nikaandika kwamba anayo. Mara jirani yake akabisha hodi: "Dada, nipe redio yangu, karani anakuja kwangu sasa!"

Mama Zubeda akainamisha uso. "Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba iliyo kimya, mwanangu. Usinifute."

Jirani akacheka. "Basi mwandikie yeye. Kwangu andika kelele za watoto."

Kanuni ilitaka mali ya nyumba yenyewe, kwa hiyo nikamfuta mjane nikamwandikia jirani. Jioni nikapita tena, nikawakuta wote wawili mlangoni kwa Mama Zubeda, redio katikati yao, wakibishana juu ya taarifa ya habari.

Kwa hiyo redio pekee isikuamulie, mpenzi wangu. Tazama na paa, maji, na majirani.

Babu yako anayekuombea