Nassor, Uliyenisimulia Theluji

Mume wangu Nassor,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Rula nimeilaza juu ya karatasi, naishusha kila nikimaliza mstari, na kama maneno yamepandana utanisamehe. Dada yako Asha alitaka nimtajie yeye aandike, nikakataa. Yapo ambayo siwezi kuyasema mbele yake. Nikimaliza sitaweza kuisoma barua hii, lakini kesho naondoka Dubai na wewe unabaki, na siwezi kukuacha hapa bila ya neno.

Eda yangu imekwisha. Iqama yangu, kile kibali cha kukaa hapa, ilikuwa juu ya kazi yako, unajua, na kazi yako ilikwisha siku ile ile. Meneja wako wa Jebel Ali alinivumilia mpaka eda ikatimia. Alikuja mwenyewe hapa nyumbani, akasimama mlangoni, akaniambia kwa kile Kiarabu chake cha kuokoteza, "Madam, khalas, siku hazirefuki tena." Nikamwambia ahsante. Hakuwa mtu mbaya. Kaka yangu Hamadi ananisubiri Kikwajuni, ameshanipigia chumba chokaa.

Nyumba ya Rashidiya imebaki tupu. Kitanda na jokofu vimeuzwa. Televisheni nimempa Wambui, yule binti wa Kikenya anayefanya kazi za ndani Al Warqa, aliyezoea kuja kwetu Ijumaa akila biriani yako. Alipoichomoa waya nilisikia moyo wangu ukichomoka nayo. Nikajifanya nakunja nguo.

Unakumbuka nilivyokuwa macho yalipozimika? Presha ya macho, walisema madaktari, mshipa umeshakufa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi mpaka jioni. Tamthilia za Kimisri nilizozipenda zikawa watu wanaogombana chumbani mwangu, nikakwambia uizime televisheni na usiiwashe tena. Wewe ulikuwa ukirudi kutoka kule ghala la barafu, koti lako zito likinuka makatoni ya kuku na samaki, unakaa kando yangu, na wala hujui useme nini.

Jioni moja ukaiwasha. Ukabadilisha stesheni, ukabadilisha, ukasimama. Nikasikia upepo. Nikasikia kengele kama za ng'ombe na watu wakishangilia, halafu kimya, halafu pa. Pa. Pa.

"Nini hiyo, vita?"

"Si vita. Mchezo. Sogea, nikwambie."

Ukaanza. Polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani. Ukasema wamevaa mbao mbili nyembamba miguuni, ndefu kuliko mimi, wana fimbo mbili mikononi na bunduki mgongoni. Wanakwenda mbio juu ya theluji mpaka moyo unataka kutoka kifuani, halafu wanatakiwa wasimame, waitulize pumzi, walenge shabaha tano. Wakipiga kwa kulala, shabaha ni kama ndimu. Wakipiga kwa kusimama, ni kama kisahani cha kikombe. Unaitwa biathloni.

"Na akikosa?"

"Akikosa anakwenda kuzunguka uwanja wa adhabu, peke yake, huku wenzake wanamkimbia."

"Masikini," nikasema, na ukacheka, na mimi nikakufuata. Sikuwa nimecheka tangu tulipotoka hospitali.

Tangu hapo, kila msimu wao wa baridi ulipofika, ikawa hiyo ndiyo jioni yetu. Ulikuwa ukipanda metro kituo cha Jebel Ali unashuka Rashidiya, reli nzima kutoka mwisho hadi mwisho, na njia yote ukisoma kwenye simu ili upate la kuniletea. Ukaja na habari za wawindaji wa kaskazini waliofuata mnyama kwa mbao miguuni. Ukaja na walinzi wa mpaka wa Norwei, karne ya kumi na nane huko, ambao badala ya kungoja vita wakaanza kushindana wao kwa wao. Ukanieleza kwamba Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, kule Ufaransa mwaka 1924, ilikuwa na mbio za doria za askari, kikosi kizima pamoja na bunduki zao, na kwamba baada ya vita vikuu vya pili watu walichoka kuona askari michezoni, zikaondolewa. Ziliporudi mwaka 1960, Marekani, zilikuwa na jina hili jipya, mtu mmoja mmoja, na bunduki kubwa za kivita. Kila risasi iliyokosa ilimuongezea mtu dakika mbili. Baadaye ndiyo zikaja bunduki ndogo na shabaha za chuma, nyeusi, ambazo ukizipiga zinageuka nyeupe na uwanja mzima unaona.

"Na wanawake?" nilikuuliza.

"Olimpiki waliingizwa mwanzoni mwa miaka ya tisini."

"Miaka yote hiyo walikuwa wapi?"

"Walikuwa na mashindano yao, lakini mlango ule ulikuwa umefungwa."

"Nani aliufunga?"

"Mimi sikuwepo, bibie."

Nilikununia mpaka usiku. Nakumbuka ulinipikia uji wa tangawizi ili nisahau.

Ulisema watu wale ni wenzako. Foklifti yako ilikuwa ikiingia kwenye baridi ambayo hapa Dubai hakuna aijuaye, nje jua linachoma lami na wewe masharubu yako yanaganda. Ukasema wewe unajua pumzi inavyouma kifuani, unajua kidole kinavyokataa kukunjika. Kwa hivyo ulipofika kwenye shabaha ulikuwa ukinong'ona, kana kwamba mtu yule wa Ufaransa au Ujerumani angekusikia. "Tulia. Bado anapumua. Ametoa pumzi nusu. Sasa."

Na ile siku ya mwaka 2014, ulipoingia hata viatu hukuvua. Ukaniambia, "Zuhura, kaa chini," nikadhani mtu kafa Unguja. Ukaniwekea simu sikioni. Ikatoka sauti nene, inaunguruma, halafu ikaanza kupanda, ikapanda, ikawa nyembamba kama uzi, halafu pa. Ukasema bunduki ile inatoa mionzi, na mpigaji anavaa visikilizio, na kadiri anavyoikaribia katikati ya shabaha ndivyo sauti inavyopanda.

"Anayepiga haoni, Zuhura. Haoni kabisa. Anaisikiliza shabaha."

Ndipo ukanieleza kwamba kuna Olimpiki ya watu wenye ulemavu, majira yale yale ya baridi, na kwamba mbele ya asiyeona huteleza mwenziwe anayemwambia njia: kushoto, kulia, mteremko, kata. Na wakishinda, medali wanapewa wote wawili.

Halafu ukasema, "Basi na mimi nataka yangu," na ukaenda kuvua viatu.

Sasa nakueleza siku ile, kwa sababu upande wangu huujui.

Ilikuwa Desemba, msimu ndio umeanza. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa na kuchoma mkate, na ulipochelewa nikaiwasha televisheni mwenyewe ili mbio zisitupite. Zikaanza. Nikasikia kengele, nikasikia risasi, kelele, kimya, kelele tena. Sikujua nani anaongoza. Nikajisemea, akija atanambia. Simu ikalia. Mtu akaniuliza kwa Kiarabu kama mimi ni mke wa Nassor, akasema yeye ni polisi, yuko kituo cha metro. Metro ilifika Rashidiya, abiria wote wakashuka, wewe ukabaki kitini, kichwa kimeegemea dirisha. Walidhani umelala. Moyo, alisema daktari baadaye. Ulikuwa umeshafika, Nassor. Ungeshuka tu.

Wambui alimuomba madam wake ruhusa, akaja kwa teksi, akanishika mkono mpaka hospitali. Wakaniruhusu nikuguse. Uso wako ulikuwa baridi. Nilizoea ukirudi na baridi ya ghala mashavuni, na mikono yangu ikafanya inavyofanya siku zote, ikakusugua ili upate joto. Nikakusugua. Nikaendelea kukusugua mpaka nesi akanishika viganja, akasema, "Mama, yalla, inatosha."

Wakakuzika Al Quoz, wanaume wakakubeba, mimi nikabaki na wanawake chumbani. Asha akaja kutoka Unguja kukaa nami eda. Ni mtu mwema dada yako, anapika, anasali, na anaamini kila jambo lina adabu yake. Februari Olimpiki ya baridi ilipoanza kule Korea, nikaiwasha televisheni, sauti chini.

"Zuhura, uko kwenye eda. Zima."

"Simtazami mtu, Asha. Mimi sitazami chochote."

Akaenda jikoni na kugonga masufuria.

Nilisikiliza mbio zote na sikuelewa hata moja. Mtangazaji anasema haraka, majina yanapita, na mimi nimekaa kama aliyesahauliwa kituoni. Ijumaa Wambui alijaribu kunisaidia. "Mama, wako wengi. Wamevaa zile nguo za kubana. Sasa huyu msee amelala. Ameshoot. Aki sijui kama amepata."

"Shabaha ziko nyeusi au nyeupe?"

"Ziko nyeusi tatu."

"Basi amekosa tatu. Anakwenda adhabu."

"Eh. Ni kweli, mama. Anazunguka huko peke yake."

Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikalia kwenye kile kishali chako cha shingoni mpaka kikawa majimaji. Sauti yako ndiyo iliyokuwa macho yangu, na watu walikuwa wakinipa pole ya mume tu.

Machi ikaja ile michezo mingine, ya walemavu. Wambui akaipata kwenye simu yake, akaisimamisha mezani. Asha alikuwa akichambua mchele, akasema hatazami. Baada ya muda akauliza, "Huyo wa mbele anapiga kelele za nini?"

"Anamuongoza wa nyuma. Wa nyuma haoni."

Mkono wake ukaacha kuchambua. Nilisikia punje zimenyamaza.

Wakafika kwenye shabaha. Kimya. Wambui akasema, "Sasa amelala tu, mama. Hafanyi kitu."

"Anasikiliza," nikasema. "Sikioni mwake kuna sauti, nene, inapanda. Ametoa pumzi nusu. Bado. Bado. Sasa."

Pa, ikasema simu.

"Nyeupe," akasema Wambui, taratibu.

Nikaendelea. Sikukusudia. Nikawaeleza yote, askari wa doria, mbao, dakika mbili za adhabu, mlango waliofungiwa wanawake, kila ulichoniletea kutoka njia ile ya metro. Nilipomaliza, Asha alikuwa akilia.

"Haya yote kakwambia Nassor?"

"Yote. Kila jioni. Hanyamazi."

Akasema, "Nassor wetu? Nyumbani tukimwita bubu. Mama alikuwa akimuuliza jambo asubuhi, anajibiwa jioni. Siku ya harusi yenu sisi tulikuonea huruma, tukasema masikini msichana wa watu, atazungumza na kuta."

Nilitafuta ukingo wa meza nikaushika. Nikarudi nyuma, miaka yote, kabla ya macho yangu. Kweli. Ulikuwa ukila ukinyamaza, ukitembea ukinyamaza, na mimi nilikuwa nikizungumza kwa ajili yetu sote wawili, nikiona ni sawa. Kisha nikaingia kizani, nikanyamaza, na wewe ukaanza. Kumbe ilikuwa kazi. Ulitoka kazi moja ukaingia nyingine, ukasoma njia nzima, ukajilazimisha maneno ambayo mama yako mzazi hakuyapata, na mimi nilidhani nimeolewa na mtu wa maneno mengi. Hata siku moja hukunambia ulikuwa ukichoka.

Nassor. Laiti ningelijua, ningekunyamazisha siku mojamoja tukakaa tu.

Jana Asha alinipeleka Al Quoz. Tulibaki ndani ya teksi nje ya ukuta wa makaburi, yeye akateremsha kioo, nikakusomea Yasini kutoka hapo. Palikuwa na joto na magari mengi. Nilitaka kukwambia ni upande gani natazama, halafu nikaona haina maana.

Kwa hivyo nakuaga hapa. Ahsante kwa theluji, ambayo sitaiona na ambayo naijua. Nakuahidi kwamba Kikwajuni sitakaa ukingoni mwa kitanda. Watoto wa Hamadi wataniuliza habari, na nitasema, hata siku ambazo sina nguvu ya kusema, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Na nakuahidi nitawaeleza wewe ulikuwa nani, kwa sababu ndugu zako wenyewe hawakupata kujua.

Radhi zangu zote nimekupa. Nipe zako.

Mwenyezi Mungu akutilie nuru kaburini mwako. Watu wote walikuombea hivyo, kwa uzuri, kwa mazoea. Mimi kiza nakijua, mume wangu. Najua ninachokuombea.

Mkeo,
Zuhura