Mshale wa Mafuta Umelala

Jumamosi, adhuhuri.

Mawingu yalijikusanya asubuhi upande wa Kongwa, yakatutazama, yakaenda zake. Joto limebaki. Upepo unazoa vumbi la barabarani na kulimwaga uani kwetu, na mimi naandika nikiwa nimekaa ndani ya mashua, kwenye kiti cha dereva, kwa sababu hapa pana kivuli na hakuna anayeweza kunichungulia.

Ndiyo, mashua. Dodoma hii hii ambako maji tunanunua kwa debe. Uani kwetu Chang'ombe kuna mashua ya mbao yenye injini, imepandishwa juu ya kitoroli chake cha magurudumu mawili, pua imeelekea jikoni na mkia umeziba mlango wa ua. Nikitaka kutoka napita ubavu, tumbo ndani, nikirudi na debe kichwani napita ubavu tena. Jirani yangu Mama Mbeleje haniamkii kama watu siku hizi. "Shikamoo nahodha, leo umevua nini?" Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Sicheki tena.

Mashua ni ya Bwana Maji. Ndivyo watu wanavyomwita yule Mwingereza anayesimamia mabwawa na visima vya serikali. Aliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, ikaletwa kwa treni ili Jumapili ajitembeze kwenye bwawa la Hombolo. Siku ya kwanza tu geji ya mafuta ikamwonyesha tangi limejaa, injini ikazima katikati ya bwawa, tangi kavu kabisa. Alirudi ukingoni akipiga kasia kwa ubao alioung'oa kwenye kiti. Akaipeleka gereji ya Bwana Premji, anakofanya kazi mume wangu. Bwana Premji ni mtu wa malori, akasema kitu hiki kinakula nafasi ya malori mawili, fundi akakifanyie kwake. Mgeni wangu nikampata hivyo.

Mume wangu ni fundi wa umeme wa magari. Watu humwita Baba Zubeda, nami huitwa Mama Zubeda. Malori ya Iringa, ya Kondoa, ya Singida, yote yanamjua. Mashua hii ilimtoa jasho.

Dashibodi yake ina geji nne: ya mafuta, ya joto la injini, ya oili na ya chaji. Zote zilikuwa zinasema uongo, kila moja uongo wake. Ukiwasha taa ya mbele, mshale wa mafuta unapanda na tangi halina kitu. Ukizima, mshale wa joto unarukia mwisho, na injini haijanguruma tangu ifike hapa. Baba Zubeda alibadilisha hiki, akafungua kile, akarudi kuketi kizingitini na kuitazama mashua kwa hasira kama anamtazama mtu aliyemkosea.

Kazi yenyewe haifanyiki na mtu mmoja. Yeye hulala chali chini ya dashibodi, kichwa kimeingia shimoni kwenye nyaya, haoni geji hata moja. Mimi nakaa hapa nilipo sasa, mkono kwenye swichi. Anauliza, "Sasa?" Nasema, "Umelala." Anagusa kitu. "Sasa?" "Umepanda. Umeanguka." Jioni zetu zimekuwa hizo, kutoka sala ya alasiri mpaka mwanga unapokwisha.

Alinichagua mimi kwa sababu ya kazi yangu ya asubuhi. Kwenye kliniki ya akina mama napima watoto. Mtoto anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, anatundikwa kwenye mzani, mshale unacheza anapopiga mateke, nami nasubiri utulie, nausoma, Sista, muuguzi msimamizi wetu, anaandika. Mume wangu hujisifu gerejini kwamba mke wake ana jicho la mshale. Si muda mrefu uliopita mama mmoja kutoka upande wa Chimwaga alinishika mkono, akaniomba niseme mwanawe ameongezeka, maana mama mkwe alikuwa nje anasubiri kumsema. Nilimwambia ukweli. Halafu nikakaa naye kwenye benchi mpaka akamaliza kulia.

Zubeda ni binti yetu. Tulimzika Kongwa, wakati mume wangu anatengeneza matrekta kwenye yale mashamba makubwa ya karanga. Alipungua kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nambeba kila siku, na anayembeba mtoto kila siku haoni. Hakukuwa na mzani wala mtu wa kuniambia. Bado naona uchungu ule ule.

Ndiyo maana Sista aliponiita pembeni na kuniambia ameliweka jina langu katika wanawake watakaofundishwa ukunga, hapa hapa hospitali ya Dodoma, mvua zikiisha, nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko la kliniki nikalia peke yangu. Kwa furaha. Sikumbuki mara nyingine niliyowahi kulia kwa furaha.

Sikumwambia mume wangu siku ile. Nilisema nitamwambia Ijumaa, baada ya kula.

Kabla Ijumaa haijafika, Bwana Maji akapata uhamisho kwenda Mwanza, kwenye ziwa. Akasema mbele ya Bwana Premji kwamba fundi atakayeziponya geji za mashua hii ndiye atakayekwenda nayo, awe fundi wake huko. Baba Zubeda alikuja nyumbani uso unang'aa. "Tunakwenda ziwani," akasema. Kama alivyosema tulipotoka kwetu Kondoa, "Tunakwenda Kongwa." Kama alivyosema pale Kongwa matrekta yalipolala, "Tunakwenda Dodoma."

Si mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na nikiumwa anachota maji mwenyewe bila kuona haya. Lakini hakuniuliza. Nami nikampakulia chakula.

Tangu siku ile nimefungwa. Geji zikipona, nakwenda Mwanza, na jina langu linafutwa. Zisipopona, nabaki. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kila jioni nilikaa hapa nikisoma mishale, na kila ilipodanganya nililala vizuri. Naandika hili bila kujificha: nilikuwa naiombea mashua ugonjwa.

Jana alirudi kutoka gereji akitembea haraka, ananisemesha tangu nje ya ukuta. Alikuwa chini ya lori akifunga waya, akaona kitu alichokuwa anakifanya maisha yake yote bila kukifikiria. Lori ni chuma. Umeme ukitoka kwenye betri ukaingia kwenye geji, unarudi kwenye betri kwa kupitia bodi lenyewe, kwa hiyo ule waya wa kurudi, wanaouita ethi, fundi anaufunga kwenye skrubu yoyote ya bodi na kazi imekwisha. Hapa kwetu sote ni watu wa malori. Naye siku zote hizi alikuwa anakwangua skrubu za dashibodi mpaka ziwe nyeupe, anakaza ethi, haijashika, anakwangua tena.

"Ile ni mbao, Mama Zubeda," akasema. "Nimefunga ethi kwenye mbao."

Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Umeme ulikuwa hauna njia ya kurudi, ukawa unajipenyeza kwenye geji ya jirani, kwenye taa, popote palipo wazi. Dawa yake ni waya mmoja mrefu kutoka betri hadi nyuma ya geji zote. Aliuweka kabla jua halijashuka. Tulikuwa tumeshamimina mafuta ya robo tangi kwa ajili ya kupimia. Akajilaza, akasogeza kichwa ndani.

"Washa."

Nikawasha. Mshale wa mafuta ukainuka taratibu, ukafika kwenye robo, ukasimama. Nikawasha na taa ya mbele. Haukutikisika. Wa joto ulikaa kwenye baridi. Zote nne zilitulia kama watoto wa shule mwalimu akiingia.

"Sasa?"

Nilisema, "Umelala."

Akasema, "Tazama vizuri." Nikasema, "Umelala palepale." Nikazima swichi.

Alikaa kule chini muda. Nikasikia koleo, nikajua anaufungua ule waya. Alipotoka nyusi zimejaa unga wa mbao, alijifuta mikono, akasema, "Basi." Akaukunja waya, akaenda msikitini. Chakula alikula nusu, akaenda kulala. Nilijiambia kachoka.

Leo asubuhi, chai ikiwa mezani, ndipo akasema.

"Taa iliwaka."

Anayo taa ya kupimia, balbu ndogo ya baiskeli aliyoifunga nyaya mbili. Akiiunga kwenye njia ya geji, ikiwaka maana yake umeme umepita ndani ya geji na kurudi, na mshale hauwezi kuwa umelala. Alinifundisha mwenyewe siku za mwanzo, akijivuna kwamba naelewa upesi. Jana aliiunga pale chini bila mimi kujua.

"Taa iliwaka huku chini, Mama Zubeda."

Nilingoja anifokee. Ningefurahi angefoka, maana mtu akifokewa hupata la kujibu. Alimaliza kikombe chake, akakitua.

"Bwana Maji anakuja saa kumi kuchukua jibu. Mimi nitarudi saa tisa. Nitaufunga waya, nitalala palepale, nitakuuliza. Ukisema umepanda, nitamwambia imepona. Ukisema umelala, nitaufungua, nitamwambia imenishinda."

Akavaa kofia, akapita ubavu mlangoni, akaenda kazini.

Jumamosi kliniki haifunguliwi, na tangu hapo nimekaa humu. Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande una ukuta. Nikisema umelala, nitabaki Dodoma na mume ambaye mji mzima utamcheka. Fundi aliyeshindwa na geji, baada ya kujaza ua mashua muda wote huu. Bwana Premji hatasahau. Naye ataibeba aibu hiyo kwa ajili yangu, bila kujua anaibeba kwa nini, na mimi nitakwenda kuzalisha wanawake nikijua niliuanza ukunga kwa kusoma mshale uongo. Yule mama wa Chimwaga nilimkatalia kitu hiki hiki.

Nikisema umepanda, nafunga vyombo. Nitakwenda Mwanza nikiwa mzuri, mtiifu, kimya, na mtoto wangu nitamwacha mbali zaidi. Watu watasema mke wa fundi ana bahati.

Nimemkasirikia pia, nisijifanye malaika. Anakuja saa tisa na swali moja tu, umepanda au umelala. Ameniachia uamuzi wote halafu akaupunguza mpaka ukatosha kwenye neno moja.

Lakini nilipokuwa naandika hapo juu kwamba hakuniuliza, nilisimama. Kweli hakuniuliza. Na mimi je, nilisema? Kondoa sikusema. Kongwa, siku ya kupakia, nilikwenda kaburini peke yangu nikarudi nikapanda lori. Kuhusu Sista sikusema, kwa sababu nilijua atajibu kwamba hata Mwanza kuna hospitali, nami sitakuwa na la kuongeza. Jambo la kwanza nililowahi kumwambia mume wangu kuhusu kuhama ni uongo, tena kwa kupitia geji ya mafuta.

Anajua mshale ulipanda. Hajui kwa nini niliulaza. Huenda anadhani simtakii mema. Huenda anadhani kuna mwanamume. Asubuhi nzima huyo mtu yuko chini ya lori akitafuta sababu, na hawezi kuipata, maana sijaiweka popote.

Nimejaribu kulisema kwa sauti, humu ndani, kwa geji hizi. "Sitaki kwenda Mwanza." Mara ya kwanza niliishia kwenye "sitaki". Mara ya pili Mama Mbeleje akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta, "Nahodha, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na samaki. Alicheka sana. Mara ya tatu lilitoka vizuri.

Usoni kwake sitaweza. Najijua. Akinitazama kwa yale macho yake ya uchovu nitasema sawa, nitaanza kukunja mikeka. Lakini saa tisa hatakuwa ananitazama. Atakuwa amelala chali, kichwa shimoni, hanioni wala simwoni, kama jana. Pale ndipo nilipoweza kumdanganya.

Basi nitausoma mshale kama ulivyo. Nitasema umepanda, uko kwenye robo, na geji zote ziko sawa. Hiyo ni kazi yake, ameifanya vizuri, na jina lake ni lake. Halafu kabla hajasogea nitasema la pili. Nitamwambia habari ya Sista, na habari ya Zubeda na mzani, na kwamba Mwanza sitaki kwenda. Yeye atalala pale chini na nyaya zake, na itambidi anisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mtu hawezi kutoka kwenye shimo lile kwa haraka.

Akishasikia atasema nini, sijui. Atasema nenda darasani kwako, au atasema vyombo vifungwe.

Muadhini ameanza. Nakwenda kuswali, kisha nirudi hapa kitini kumngoja.

Swichi nimeiacha imezimwa.