Nta ya Birger

Rune, Hedvig amejitoa. Amejitoa! Mbio za mwisho za kuchagua timu ya taifa, na alikuwa wa pili!

Jua lilitoka, theluji ikalowa, na ile nta aliyopaka baba yake, Birger, chini ya mbao zake za ski za kutelezea ikaanza kuizoa theluji hiyo. Zikawa nzito kama zimefungwa matofali.

Akasimama kilimani mbele ya Birger. "Baba, si nilikwambia usipake hii!"

"Kwangua, mwanangu, kwangua uende!"

"Miaka yote nakusikiliza wewe. Leo basi."

Akazivua, akazichomeka kwenye theluji mbele yake, akateremka kwa miguu analia. Kwa miguu, Rune!

Wenzake wameshamaliza, watu wanakunja bendera. Birger bado yuko kilimani, anazikwangua. Nimemwambia twende, hata hageuki.

"Atarudi kuzichukua," anasema.