Yaya, Mawimbi Hayakuchelewa

Yaya Ngabu, kaka yangu,

Kesho tunaondoa matanga yako. Jamaa wa kijijini Fataki wamekwisha kufika, mama yuko jikoni tangu asubuhi, na papa amenipa kazi ya kusema mbele ya watu. Mimi! Weye unajua vile mdomo wangu unavyokauka nikiitwa tu ubaoni.

Tangu pikipiki ikuangushe kwenye mteremko wa Kasenyi, papa anamwambia kila anayekuja kutupa pole: "Mutoto wangu aliona kosa wazungu hawakuona." Alikusikia ukitueleza mezani kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi, si kwa sababu ya nguvu iliyojificha, bali kwa sababu uvutano wenyewe unabadilika huko mbali sana. Anataka nithibitishe.

Nilitaka pia. Nimepata diplome ya kumaliza sekondari, nakaa nyumbani, kwa hiyo nilisoma kwenye simu yako kila kilichofunguka.

Unakumbuka kule Fataki kwa koko, mama ya papa? Mtu alikuwa akipasua kuni ng'ambo ya bonde. Shoka lilishuka, mlio ukaja baadaye. Ukasema: "Unaona? Mwendo ukitofautiana, kimoja kinachelewa. Nadharia yangu inasema mwanga na mawimbi ya uvutano, hata vikitoka pamoja, havitafika pamoja. Vikifika pamoja, nimeanguka." Nikacheka. Ukaniuliza: "Unacheka nini, weye mbuzi uliyemeza sabuni?"

Yaya, vilifika pamoja. Nyota mbili zilizokufa ziligongana mbali mno. Mwanga na mawimbi vilisafiri mamilioni ya miaka, vikatufikia karibu wakati mmoja. Nadharia nyingi zilianguka, na yako imo. Sijui kama ulikuwa umeisoma habari hiyo. Niliirudia nikitafuta njia ya kukuokoa. Nikakasirika. Nikangoja unibishie.

Hukubisha. Hapo ndipo nilipojua kweli kwamba umekufa.

Leo nilimwambia papa, tukipanga viti uani. Akauliza: "Basi alikosea?" Nikajibu: "Ndiyo, papa. Kwa hilo." Akaketi, akalia, yeye ambaye hakulia hata kaburini. Niliogopa kwamba nimemnyang'anya mtoto wake mara ya pili.

Alipotulia alisema: "Yeye angekubali?"

Nikasema angekubali wa kwanza, tena akicheka.

"Basi kesho useme vile vile."

Zipo nadharia nyingine ambazo anga haijaziangusha bado. Shangazi anataka nisomee uuguzi. Nakuahidi, nitajiandikisha fizikia, na nadharia yoyote nitakayoipenda nitaipeleka kupimwa, hata ikiniuma.

Pumzika, Yaya. Kesho nitasimama kati ya watu wanaokulilia na kusema kwamba ulikosea, na kwamba ni weye uliyetufundisha namna ya kujua. Nitasema kwa sauti.

Mdogo wako,
Neema